Kiti cha Uvivu Juu ya Kilima cha Likunja

Wenzangu wa baiskeli, mmenichosha. Kila nikikatiza sokoni hapa Songea lazima mmoja wenu anishike mkono: "Vipi Fidelis, mbona ulirudi na basi? Milima ya Ruangwa ilikushinda nini?" Nacheka, naaga, naondoka zangu. Sasa naandika mara moja tu, msome wote, halafu mniache. Milima haikunishinda. Niliipanda yote, na ule mkali kuliko yote niliupanda bila kuweka mguu chini. Kilichonishinda ni kitu kingine.

Mambo ya maandalizi nayaacha. Njia ya Songea, Tunduru mpaka Masasi nayo naiacha, maana wengi mmeipita na mtaanza kunibishia. Naanzia Masasi.

Masasi mpaka Nachingwea

Nilitoka Masasi Jumatatu asubuhi, mwezi wa saba, ule ubaridi wa kusini ambao ukifika saa nne umeshageuka jua. Njia ni ya kupanda na kushuka, mikorosho kushoto, mikorosho kulia, na ufuta umekatwa umesimamishwa mafungu mafungu mashambani. Penye lami nilikuwa nateleza kama sina uzito. Penye matengenezo nilikuwa nakula vumbi la malori na kujiuliza nani alinituma.

Aliyenituma alikuwa Saidi. Wale mliojiunga na kikundi juzi juzi hamumjui, kwa hiyo nieleze. Saidi ni Mmwera wa Ruangwa. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi kwenye ghala la mahindi hapa Songea, na ni yeye aliyenifundisha kupanda baiskeli ya gia kama mtu na siyo kama mbeba mkaa. Baba yake alipofariki akarudi kwao kuangalia mikorosho. Mimi ni Mngoni, yeye Mmwera, na sisi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipigana. Mnajua mtani alivyo. Mtani hakupi pole, hakupi hongera. Anakutukana mbele za watu, anakunyang'anya kofia, na ukifiwa anakuja kucheka msibani kwako ili usilie peke yako. Na huruhusiwi kukasirika. Miaka yote ile sikumbuki mimi na Saidi tumekaa tukazungumza jambo kwa kulia wala kwa upole. Yeye aliniita mwizi wa mbuzi. Mimi nilimwita mla panya. Tulipendana hivyo hivyo.

Alikuwa akinipigia simu kila baada ya muda, kelele zilezile: "Mngoni, njoo upande milima ya wanaume." Safari hii akaongeza neno. Alisema baada ya Likunja, kabla hujaingia Ruangwa, kuna kilima kinachowajua Wangoni. "Nitakaa pale juu na kiti changu cha uvivu," akasema, "nikuangalie unavyosukuma baiskeli huku unalia."

Nikamjibu, "Nikifika juu bila kushuka, kiti changu."

"Chukua! Na mimi mwenyewe unibebe."

Nikamwambia nitafika Jumatano. Hiyo Jumatano muikumbuke.

Njiani nilisimama kwenye kibanda cha chai. Mzee mmoja aliyekuwa anakula chapati na maharage aliinuka akaja kuiminya tairi yangu ya mbele kwa vidole viwili. Akaniuliza kwa huruma kabisa, "Baiskeli yako inaumwa? Mbona imekonda?" Nikamwambia ndivyo zilivyo, ni za mbio. Akatikisa kichwa, akamwita mwenzake aje aone, wakaiangalia wote wawili. Nilipoondoka nikasikia yule wa pili anasema labda mwenyewe hana pesa ya tairi. Nilicheka mpaka Nachingwea, na jioni nikala wali na kisamvu cha karanga, nikalala gesti kama mfalme.

Mtua, waliponifichia gurudumu

Jumanne nilikuwa na nguvu za kufika mbali. Lakini nilipofika Mtua nikasikia ngoma, na mimi ngoma ikilia miguu haiendi mbele. Walikuwa wanatoa vijana jandoni. Uwanjani kuna moshi wa majiko, akina mama wanaimba, vigelegele vinapanda. Mwenye shughuli aliitwa Hashimu, mkulima wa makamo, kanzu nyeupe, na mjukuu wake ndiye alikuwa mmoja wa wanaotolewa. Akanisalimia vizuri, akaniuliza natoka wapi, kabila gani.

"Mngoni," nikasema.

Wacha we! Uwanja mzima ukalipuka. Nilipogeuka, baiskeli yangu haina gurudumu la mbele. Sikuona hata mkono uliolichukua.

"Gurudumu letu hilo," Hashimu akasema, uso mkavu. "Fidia ya mbuzi wa babu yangu."

"Babu yako alikuwa na mbuzi? Si alikuwa anafuga panya?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Kuanzia hapo nikawa wa kwao. Nikaambiwa nicheze ngoma ndipo nirudishiwe gurudumu. Nikacheza. Wakasema nimecheza vibaya, nile kwanza ndipo nipate nguvu. Nikala ubwabwa na nyama ya mbuzi, na kila mama aliyepita aliniongezea kijiko huku akisema Wangoni hawashibi. Jioni wakasema gurudumu limelala. Kesho yake wakasema gurudumu limekwenda shamba.

Hapa ndipo nawaomba msome polepole. Ningesema neno moja tu. Ningemwita Hashimu pembeni nikamwambia, "Mtani, kuna mtu ananisubiri," angenipa gurudumu saa ileile na kunisindikiza. Utani una mipaka na kila mtu pale aliijua. Sikusema. Nilikuwa nafurahi, nakula, natukanwa na watu wazima kwa mapenzi, nikaona safari nyingine ya namna hii nitaipata wapi.

Jumatano mchana simu ikalia. Ni ujumbe wa sauti wa Saidi. "Mngoni, niko kilimani na kiti. Unakuja au umekimbia?" Nyuma ya sauti yake nikasikia kile kiti cha turubai kikilia, kwii, kwii, kama kila kiti cha uvivu kinavyolia mtu mzito akijigeuza. Nikasema moyoni, muongo huyu, yuko barazani kwake anakunywa chai. Nikamjibu kwamba nimeoa Mtua, asinisubiri.

Alhamisi ukaja mwingine, tulipokuwa tumekaa na kina Hashimu tunakula mihogo. Nikaufungulia sauti ili wote wasikie, maana walishaanza kumpenda huyo Mmwera mwenzao. Saidi akasema, "Mtani, fanya haraka. Jua kali, kichwa kinaniuma, nakwambia utanikuta maiti." Tena kile kiti, kwii, kwii.

Wote tukacheka. Hashimu akanipokonya simu ausikie tena. Akasema, "Mjibu! Mjibu huyo!" Nikabonyeza, na wenzangu wote wakiwa kimya wanasubiri, nikasema, "Kufa tu, mla panya. Nitakuja kula ubwabwa wa msiba, na nitakula sahani mbili."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na muhogo. Mimi nilijiona mjanja sana. Saidi hakujibu tena siku ile, nikajua nimemshinda.

Msituni

Ijumaa asubuhi gurudumu lilirudi, limefungwa kanga kama bibi harusi. Hashimu mwenyewe akalifunga, akaniombea dua ya safari, akanitukana mara ya mwisho, nikaondoka.

Baada ya pale mashamba yakaanza kupungua na miti ikasogea barabarani. Msitu wa kule siyo mnene wa kutisha. Miti imeachana, majani yanaanza kuwa ya kahawia, chini nyasi kavu, na vilima vinakuja kimoja nyuma ya kingine. Unapanda unahema, ukifika juu unaona vingine vimekaa vinakungoja. Nyani walikuwa wamekaa katikati ya barabara wakaniangalia bila heshima yoyote. Kwenye mteremko mmoja nilikwenda kasi hadi machozi yakatoka, nikapiga kelele peke yangu kwa raha.

Chini ya mteremko huo tairi ikatoboka. Nikageuza baiskeli miguu juu kando ya nyumba moja ambako bibi alikuwa anapepeta ufuta juu ya turubai.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Akaacha ungo wake, akaja. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, Kimwera chake kingi, na mimi Kimwera changu ni cha matusi tu, siwezi kumwambia bibi wa watu. Akaniletea karanga za kuchemsha kwenye bakuli. Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi, akaninyooshea kidole. "Mngoni?"

Nikashangaa. "Ndiyo, bibi. Umejuaje?"

Uso wake ukabadilika. Akasema maneno mengi ya Kimwera kwa haraka. Halafu akatafuta Kiswahili. "Kiti," akasema, akionyesha kule barabara inakopanda. "Kiti." Akaweka shavu juu ya kiganja, akafumba macho. "Lala."

Nikaelewa kwamba ananikaribisha nikae kwenye kiti, nilale kidogo. Nikamwambia, "Ahsante bibi, sijachoka. Nitapumzika mbele." Akatikisa kichwa, akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea. "Kiti! Yule, kiti!" Mimi nikacheka, nikampapasa bega, nikamwambia Mungu ambariki kwa ukarimu. Yeye hakucheka. Nilipomaliza kuziba pancha na kujaza upepo, bado alikuwa amesimama pale pale, bakuli mkononi, ananiangalia. Nikampungia mkono.

Likunja, na kilima

Likunja nilipita bila kusimama, maana nilitaka kukikabili kilima nikiwa bado nina joto mwilini. Na kilima chenyewe, wenzangu, siyo mchezo. Kinaanza kama hakitaki, kinakudanganya, halafu kwenye kona ya kwanza kinasimama wima. Nikashusha gia mpaka ya mwisho, nikainuka kwenye pedeli, nikawa natazama tairi ya mbele tu. Kila mzunguko nilikuwa natunga tusi. Nilijua Saidi akisikia nimekaribia atakimbilia pale juu na kiti chake aigize kwamba alikuwepo siku zote. Nilishaandaa nitakachomwambia. Kwenye kona ya pili mapaja yalikuwa yanaungua na moyo unapiga masikioni, lakini sikushuka. Naapa sikushuka.

Nikatokea juu. Kulikuwa na kibanda cha chai, bodaboda moja kivulini, na kando ya barabara, penye uwazi wa kuona mteremko wote niliopanda, kiti cha uvivu cha turubai la bluu. Kitupu.

"We Mmwera!" nikapiga kelele kwa pumzi iliyobaki. "Umekimbia! Toka huko ulikojificha!"

Hakuna aliyecheka. Mama wa chai akashika mdomo kwa kanga. Mwendesha bodaboda, kijana mrefu mwenye koti la mpira, akainuka taratibu.

"Oya mkubwa," akasema, "wewe ndo Mngoni?"

"Ndiye mimi. Yuko wapi Saidi?"

"Duh. Kwani hujaambiwa, mzee?"

Nikamwambia aache utani. Nilisema hivyo kabisa, kwa mdomo wangu: acha utani. Akaniambia jina lake Chidi, na kwamba ni yeye aliyempandisha Saidi kilimani na kile kiti, Jumatano asubuhi. "Alikaa mpaka magharibi," akasema. "Kila anayepita anamwambia, namsubiri Mngoni, njooni mwone atakavyolia. Mpaka wa mabasi walikuwa wanamjua. Alhamisi akarudi. Mke wake hakutaka, si unajua mzee ana presha? Akasema Mngoni akifika asiponikuta atanicheka maisha yangu yote."

"Kwa hiyo alikuwa hapa kweli."

"Kweli nini sasa? Si alikutumia voisi? Nilikuwepo. Na ukamjibu."

Nikamuuliza kama Saidi aliisikiliza ile sauti yangu.

"Aliisikiliza mara mbili. Alicheka huyo mzee! Akasema, mmesikia mtani wangu? Sahani mbili!" Chidi akakitazama kile kiti. "Halafu kikombe kikamdondoka. Tukadhani bado anacheka, maana mdomo umekwenda upande. Kumbe siyo. Tukamshusha na bodaboda, mimi mbele, mtu nyuma amemkumbatia."

Ndipo nikakumbuka shavu la yule bibi juu ya kiganja. Barabara nzima ilijua kuna mtu mwenye kiti anamsubiri Mngoni, na barabara nzima ilijua kilichompata. Mngoni peke yake ndiye hakujua, na alikuwa na simu mfukoni. Nilikaa chini kwenye changarawe. Mama wa chai akaniletea chai, sikuweza kuinywa.

Ruangwa

Chidi alitaka kukichukua kile kiti kwenye pikipiki. Nikamkatalia. Nikakikunja, nikakifunga mgongoni kwa kamba, nikaanza kuteremka, kikigeuka huku na huku na kunigonga kisogoni. Nilipoingia Ruangwa siku ya Ijumaa watu walikuwa wanatoka msikitini, barabara imejaa. Waliponiona walicheka. "Mngoni kahama na kiti!" mmoja akasema, sijui alijuaje kabila langu, labda na yeye alikuwa amepita kilimani. Siku nyingine ningemjibu.

Hospitalini Mama Zuhura, mke wa Saidi, alikuwa amekaa nje ya wodi kwenye mkeka. Aliponiona na kile kiti mgongoni akainuka, na nikaona uso wake umepata nuru kidogo.

"Shemeji, umefika! Mungu mkubwa. Ingia, ingia. Maneno yamekataa na upande wa kulia umekataa, ila anasikia kila kitu. Tangu jana macho yake yako mlangoni."

"Mama Zuhura, mimi..."

"Hayo baadaye. Ingia umwambie chochote. Hicho kiti ingia nacho."

Sasa nisikilizeni. Alinipa kila kitu. Alinipa mpaka kiti. Mtu mwenye akili angeingia mle akakifungua kile kiti katikati ya wodi, akakaa, akakunja nne na kusema, "Haya, mla panya, nimepanda bila kushuka. Inuka unibebe." Maneno hayo nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyatunga kilimani, kona baada ya kona.

Nikakiegemeza kiti mlangoni, nikaingia mikono mitupu. Saidi alikuwa amelala, mdomo umepinda, mkono mmoja umewekwa juu ya shuka kama siyo wake. Jicho lake likaniona. Na nawaambia lilicheka. Nalijua jicho lile. Lilikuwa linanisubiri nianze.

Nikapiga magoti, nikashika ule mkono, nikasema, "Pole sana, ndugu yangu. Pole. Nisamehe."

Jicho likazimika. Aliniangalia muda kidogo namna unavyomwangalia mtu mgeni aliyekosea nyumba. Kisha chozi likatoka, likapita shavuni mpaka sikioni, na kwa ule upande wake mzima akajivuta, akageukia ukutani.

Mama Zuhura alinifuata nje. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Umemwita nani?" akauliza.

"Ndugu."

"Hajawahi kukusikia ukimwita hivyo." Akakaa kwenye mkeka, akafunga kanga yake upya ingawa haikuwa imelegea. "Shemeji, wa kumpa pole wapo wengi. Wamejaa tangu jana, kila mmoja na pole yake. Tulikuwa tunakusubiri wewe. Sasa na wewe umempa pole, atajua amekwisha."

Nilirudi Jumamosi, nikarudi Jumapili. Nilisimama pembeni ya kitanda nikajaribu. Nilisema, "We Mmwera," na hapo hapo kikatoka kilio, na ndugu zake wakanitoa nje kwa upole wakidhani nahitaji hewa. Yeye alikuwa amefumba macho. Sijui alilala au alinikataa. Jumatatu nilipaswa kuondoka. Kiti nilimwachia Mama Zuhura. Nilimwambia ni cha Saidi. Akanijibu kwamba kwa alivyosikia yeye, kiti kilishapata mwenyewe kilimani, lakini akakipokea.

Kurudi

Ndiyo maana nilirudi na basi. Baiskeli ilikuwa chini kwenye buti na mizigo ya watu, mimi dirishani. Tulipopita kilima nilifumba macho. Tulipopita Mtua nilimwona Hashimu kando ya barabara, au mtu anayefanana naye, nikainama nisionekane. Nina hasira na yeye ambayo haina haki hata kidogo, maana yeye alinifichia gurudumu tu. Kukaa nilikaa mwenyewe.

Jambo linalonitesa siyo lile la Alhamisi. Nimeshalifikiria sana hilo. "Kufa tu" nilimwambia kama mtani anavyopaswa, na yeye alicheka kama mtani anavyopaswa, na Chidi ni shahidi. Kinachonitesa ni ile pole. Nilikuwa na siku mbili nzima za kusema jambo la kweli pale Mtua, nikafanya utani. Halafu nikapewa dakika moja ya kufanya utani, nikasema la kweli. Nilikosea yote mawili, na kwa mtu mmoja.

Saidi aliruhusiwa kurudi nyumbani. Mama Zuhura huniandikia mara mojamoja: anakula kidogo, mkono bado, maneno bado. Mara nyingi nimebonyeza simu nimtumie sauti nikaishia kufuta. Nikisikiliza ninachosema nasikia mtu anayeigiza.

Juzi jioni nilikuwa naosha cheni ya baiskeli nyuma ya nyumba, simu ikalia. Ujumbe wa sauti, kutoka namba ya Saidi mwenyewe. Nikafuta mafuta mikononi, nikakaa kwenye kigoda, nikafungua.

Hakuna maneno. Kwanza kimya, kuku anapita kwa mbali. Halafu pumzi nzito, kama ya mtu anayepanda mlima na gia ya mwisho. "Mmm," pumzi ikasema. "Mmmngo..." Ikakatika. Nyuma yake Mama Zuhura akasema taratibu, "Basi, ataelewa." Kisha nikakisikia. Kwii, kwii. Wamemkalisha.

Nimeusikiliza ujumbe ule mara nyingi na bado sijui mwishoni kama anacheka au analia. Sikumuuliza Mama Zuhura. Niliandika "pole," nikaifuta. Nikaandika "ndugu," nikaifuta. Nikabonyeza kurekodi na mikono yenye grisi, nikasema haraka kabla sijafuta na hii:

"We mla panya, nani kakuruhusu kukalia kiti changu?"

Nikatuma. Alama zimekuwa za bluu, amesikiliza. Sasa ni zamu yangu ya kukaa na kusubiri.